KICHWA KINANIUMA: LUGHA, DAWA NA UTULIVU KATIKA KUDHIBITI MAUMIVU YA KICHWA, NCHI YA CHAI YA KERICHO NA BOMET

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi maumivu ya kichwa yanavyoweza kudhibitiwa kwa kutumia dawa na kwa kupunguza mfadhaiko, yakirejelea mazingira ya wakulima na wafanyakazi wa chai wa Kericho na Bomet. Hoja kuu ni kwamba njia hizi mbili hufaulu zaidi zikiandamana, na kwamba zote mbili hutegemea jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wana ujuzi nalo: uwezo wa mgonjwa kuyaeleza maumivu yake na uwezo wa mhudumu kuuliza swali linalofaa.

1.0 Utangulizi

Sentensi "kichwa kinaniuma" ni kamili kisarufi. Ina kiambishi cha kiima, kiambishi cha wakati, kiambishi cha yambwa na mzizi wa kitenzi. Kichwa ndicho kitendacho, naye mwenye kichwa ni mtendwa asiye na la kufanya ila kungoja kichwa kimwachilie. Hata hivyo, sentensi hii iliyokamilika kisarufi ni pungufu mno kitabibu. Mama aliyeshinda akichuna majani chai huitamka. Mwanafunzi aliyekesha akijiandaa kwa mtihani pia huitamka. Mgonjwa wa malaria na mtu aliyevuta moshi wa jiko la makaa usiku kucha nao huitamka. Watu hawa wanne wana maradhi manne, na kidonge kimoja hakiwezi kuwatibu wote.

Ukubwa wa tatizo lenyewe hauna shaka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao bilioni 3.1, yaani takribani asilimia 40 ya watu wote duniani, walikuwa na maradhi ya maumivu ya kichwa mwaka wa 2021. Licha ya wingi huo, aumwaye kichwa mara nyingi huonekana kuwa hana ugonjwa wa haja. Hulazwi kwa ajili ya kichwa, wala hupewi ruhusa ya kukosa kazi kwa ajili ya kichwa. Mtu huenda dukani, hununua vidonge viwili, humeza na kurejea kazini. Makala haya yanalenga kuonyesha ni nini huenda kikaharibika katika safari hiyo fupi ya dukani, na njia gani iliyo bora zaidi.

2.0 Nchi ya chai na mwili wa mchuna chai

Chai ilianza kulimwa kwa kiwango kikubwa Kericho katika miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipofungua mashamba makubwa kwenye miinuko hiyo yenye mvua nyingi, mahali penye kimo cha takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wafanyakazi waliajiriwa kutoka pande nyingi, hasa Nyanza, Gusii na Magharibi. Baada ya uhuru, kilimo cha wakulima wadogo kilipanuka chini ya KTDA, asasi iliyoundwa mwaka wa 1964. Katika Kericho na Bomet za leo, viwanda kama vile Litein, Momul, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek hupokea majani kutoka kwa maelfu ya wakulima hao.

Mambo mawili katika historia hii yanahusu mada ya makala haya. La kwanza ni lugha. Katika kambi za mashamba makubwa, Mkipsigis, Mjaluo, Mgusii na Mluhya walihitaji lugha ya kuwaunganisha, nayo ikawa Kiswahili. Kwa hiyo wengi wa wanaoeleza maradhi yao kwa Kiswahili mbele ya mhudumu wa afya hukitumia kama lugha ya pili. Aghalabu mhudumu mwenyewe pia hukitumia hivyo.

La pili ni kazi yenyewe. Mchuna chai huanza kazi mapema, mara nyingi kukiwa na baridi na ukungu, huku amebeba kikapu mgongoni. Huinamisha shingo, macho yakitafuta majani mawili na kichipukizi, huku mikono ikichuma na kutupa majani kikapuni nyuma ya bega. Misuli ya shingo, mabega na kisogo hukaza kwa saa nyingi pasi na kupumzika. Malipo hutegemea kilo, kwa hiyo muda wa kula au kunywa maji huonekana kuwa kilo zilizopotea. Kiwandani kuna kelele za mitambo na zamu za usiku. Tangu mashine za kuchuna zienee, wengi wameongezewa hofu ya kupoteza kibarua. Mwezi Mei mwaka wa 2023 hofu hiyo iligeuka ghasia huko Kericho, na mashine zikateketezwa. Mkulima mdogo naye ana wasiwasi wake: hupokea malipo ya kila mwezi ambayo ni madogo, kisha hungoja bonasi ya mwisho wa mwaka wa kilimo. Asiyejua bonasi itakuwa kiasi gani hajui karo ya Januari itatoka wapi.

Kuinama, njaa, kiu, kukosa usingizi, kelele na wasiwasi ni miongoni mwa vichocheo vikuu vya maumivu ya kichwa vinavyotajwa na matabibu. Mchuna chai anaweza kukumbana navyo vyote katika siku moja.

3.0 Kichwa kimoja, maumivu mengi

3.1 Maumivu ya mkazo

Haya ndiyo maumivu ya kichwa yaliyoenea kuliko yote. Hushika pande zote mbili za kichwa, na mgonjwa huhisi kana kwamba amefungwa kitambaa kikakazwa. Hayapwiti, hubana. Mgonjwa anaweza kuendelea na shughuli zake, ingawa bila raha, na kwa kawaida hatapiki.

Neno "mkazo" linastahili kuangaliwa. Mwanaisimu hulitumia kwa silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi. Hapa lina maana mbili zinazokutana: kukaza kwa misuli ya shingo na kichwa, na mkazo wa mawazo. Istilahi "msongo wa mawazo" nayo inatokana na kitenzi "songa", chenye maana ya kubana. Lugha imeyaweka pamoja mambo ambayo utabibu nao huyahusisha, kwa kuwa mfadhaiko ni miongoni mwa vichocheo vinavyotajwa sana vya maumivu haya.

3.2 Kipandauso

Kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa neva. Si uchovu wala si udhaifu wa roho. Mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa, hupwita kwa kufuata mapigo ya moyo, na huzidi mgonjwa anapotembea au kupanda mlima. Huandamana na kichefuchefu au kutapika, na mwanga na kelele huwa adha kubwa. Usipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Baadhi ya wagonjwa huona vimulimuli au mistari ya mwanga kabla ya maumivu kuanza. Baada ya umri wa kubalehe, wanawake hupatwa na kipandauso takribani mara tatu zaidi ya wanaume, na sababu mojawapo ni mabadiliko ya homoni.

Katika jamii zetu, mwanamke anayejifungia gizani siku mbili kila mwezi huweza kuitwa mvivu, au kudhaniwa amerogwa. Kuujua ugonjwa wake kwa jina ni hatua ya kwanza ya kumwondolea aibu hiyo.

3.3 Maumivu yaletwayo na maradhi mengine

Wakati mwingine kichwa huwa mjumbe tu, na kumnyamazisha mjumbe hakuondoi ujumbe alioleta. Katika nchi ya chai, wajumbe watatu wanahitaji kusikilizwa kwa makini.

Wa kwanza ni malaria. Wenyeji wa nyanda za juu hawana kinga ya kutosha dhidi ya ugonjwa huu kwa kuwa hawakutani nao mwaka mzima, kwa hiyo unapozuka huwaangusha hata watu wazima. Milipuko ya malaria ilirekodiwa katika mashamba ya chai ya Kericho katika miaka ya 1990. Maumivu ya kichwa yanayokuja na homa, baridi ya mwili na maumivu ya viungo yanahitaji kupimwa damu. Kwa upande mwingine, si kila kichwa kiumacho ni malaria. Mazoea ya kusema "nina malaria" kabla ya kupimwa humfanya mtu ameze dawa asizozihitaji na kuuacha ugonjwa halisi ukiendelea.

Wa pili ni moshi. Usiku wa Kericho ni wa baridi, na baadhi ya watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yanayoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake za awali ni kuumwa na kichwa, kisunzi na kichefuchefu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wanapoamka wote wakiumwa na kichwa, jambo la kwanza ni kutoka nje kwenye hewa safi na kulitoa jiko, kisha kwenda hospitalini. Anayemeza kidonge na kurudi kulala huenda asiamke.

Wa tatu ni hatari za ghafla. Maumivu makali yanayofikia kilele kwa muda wa dakika moja, maumivu yenye homa na shingo kukakamaa, maumivu baada ya kugongwa kichwani, maumivu yenye udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, maumivu mapya kwa mtu aliyepita umri wa miaka 50, na maumivu makali kwa mama mjamzito, hasa akiona ukungu machoni au akiwa na uvimbe usoni na mikononi: yote haya ni ya kupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo. Homa ya uti wa mgongo, kiharusi, damu kuvuja ubongoni na kifafa cha mimba huweza kuanza hivyo. Hospitali za rufaa za Kericho na Longisa, pamoja na Tenwek, Litein na Kapkatet, zimo katika eneo hili, na safari ya kuzifikia haifai kuahirishwa hadi siku ya malipo.

Ni vyema kuongeza neno kuhusu "presha". Wengi huamini kwamba kichwa kikiuma ni shinikizo la damu limepanda, na kisipouma limeshuka. Imani hii ni hatari kwa pande zote mbili. Kwa kawaida shinikizo la juu la damu halileti maumivu yoyote hadi lipande kupita kiasi. Njia ya kulijua ni kulipima.

4.0 Dawa na mipaka yake

4.1 Dawa za kutuliza

Parasetamoli, ibuprofeni na aspirini ndizo dawa za kwanza kwa maumivu ya mkazo na kwa kipandauso kisicho kikali. Hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema, maumivu yanapoanza, na kwa kipimo kamili. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa mara moja, lakini asizidishe vidonge vinane kwa saa 24. Kuzidisha huharibu ini, na hatari ni kubwa zaidi kwa mnywaji pombe. Vilevile parasetamoli huwa imechanganywa ndani ya dawa nyingi za mafua, kwa hiyo mtu huweza kuzidisha kipimo bila kujua.

Ibuprofeni humezwa miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, baada ya chakula, na asiyeandikiwa na daktari asizidishe miligramu 1,200 kwa siku. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala kwa mama mjamzito, hasa baada ya wiki ya 20. Aspirini hutibu kipandauso, lakini haifai kwa watoto walio chini ya miaka 16. Kwa kipandauso kikali kuna sumatriptani, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiongeza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2021. Hii huandikwa na daktari, na haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

4.2 Dawa inapogeuka kuwa ugonjwa

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo la dukani. Vidonge vya maumivu huuzwa kimoja kimoja au viwili viwili, bila kijikaratasi cha maelezo, na majina yake ni ya kuvutia. Chapa moja mashuhuri nchini Kenya huitwa Mara Moja. Jina hilo ni kielezi kinachoahidi wepesi wa nafuu, lakini kielezi hicho hakisemi lolote kuhusu idadi ya siku.

Idadi ya siku ndiyo yenye uzito. Mtu mwenye maradhi ya maumivu ya kichwa anayemeza dawa za kawaida za kutuliza kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yumo hatarini kupata maumivu yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kwa dawa zilizochanganywa, kwa mfano zenye kafeini ndani yake, na kwa jamii ya sumatriptani, mpaka ni siku 10 kwa mwezi. Ubongo huzoea dawa, dawa inapoisha mwilini kichwa huuma, mtu humeza tena, na duara hilo halikomi. Mgonjwa huamini dawa ndiyo inayomwokoa, kwa kuwa kila akiimeza hupata nafuu ya saa chache.

Tiba ni kuiacha dawa hiyo. Kwa parasetamoli na jamaa zake inawezekana kuacha kwa mara moja. Maumivu huzidi kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima na zaidi, kisha hupungua polepole katika wiki zinazofuata. Asiyeelezwa mapema kwamba siku za kwanza zitakuwa chungu hurudi dukani siku ya tatu. Anayetumia dawa kali za jamii ya afyuni asiache bila usimamizi wa daktari.

Jambo linalofanana na hili hutokea kwa chai yenyewe. Aliyezoea kunywa vikombe vingi vya chai ya rangi au ya maziwa akikatiza ghafla huanza kuumwa na kichwa kati ya saa 12 na saa 24 baadaye, kwa kukosa kafeini. Waumini wengi wanaofunga kula kwa ajili ya maombi wameyajua maumivu haya bila kujua asili yake. Kupunguza vikombe kidogo kidogo siku kadhaa kabla ya mfungo huwaepusha nayo.

4.3 Dawa za kinga

Anayeumwa mara nyingi huhitaji dawa ya kuzuia, inayomezwa kila siku kwa miezi kadhaa, hata asipoumwa siku hiyo. Propranololi huzuia kipandauso, lakini haifai kwa mwenye pumu. Amitriptilini huzuia kipandauso na maumivu ya mkazo yaliyokomaa. Huanzwa kwa kipimo kidogo, kama miligramu 10 usiku, na huweza kuleta usingizi na ukavu wa kinywa.

Amitriptilini ilitengenezwa awali kwa ajili ya watu wenye sonona. Mgonjwa anaposikia kwa jirani kwamba "hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili", huitupa. Sentensi moja ya mhudumu ingetosha kuzuia hasara hiyo: kwamba kipimo hiki ni kidogo, na lengo lake ni kutuliza njia za maumivu katika neva.

5.0 Kupunguza mfadhaiko

Kupunguza mfadhaiko hakumaanishi kumwambia mtu "usiwaze". Ni ufundi wa mwili unaofundishika. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alichapisha mwaka wa 1929 kitabu kuhusu mbinu ya kulegeza misuli hatua kwa hatua, nayo bado inatumika. Mtu huketi au hulala mahali tulivu. Hukunja ngumi kwa nguvu kwa sekunde 5 hadi 10, kisha huachilia na kuhisi tofauti kwa sekunde 20 hivi. Hufanya vivyo hivyo kwa mikono, mabega, shingo, uso, tumbo na miguu. Mabega hupandishwa hadi karibu na masikio, kisha huachiliwa yashuke. Zoezi zima huchukua takribani dakika 15, na faida yake huonekana likifanywa kila siku kwa wiki kadhaa.

Mbinu ya pili ni pumzi. Mtu huvuta hewa kwa pua akihesabu hadi nne, tumbo likijaa, kisha huitoa polepole akihesabu hadi sita. Hili linaweza kufanyika hata katikati ya mistari ya chai, kikapu kikiwa kimetuliwa, mchunaji akinyoosha shingo na kuzungusha mabega kwa dakika mbili.

Mbinu ya tatu ni utaratibu wa maisha. Kulala na kuamka saa zile zile, kula kabla ya kwenda shambani, kubeba maji na kuyanywa kabla ya kiu kukaba, na kutembea au kufanya mazoezi mepesi: mambo haya hupunguza idadi ya siku za kipandauso na za maumivu ya mkazo. Kwa mfanyakazi wa zamu za usiku, chumba chenye giza na ukimya mchana ni sehemu ya tiba.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kumwachia mgonjwa peke yake jukumu hili lote. Mfadhaiko utokanao na ujira mdogo au tishio la kupoteza kazi hauondolewi na pumzi ndefu. Pumzi humsaidia mtu kuubeba mzigo pasi na kuumia shingo, lakini mzigo hubaki pale pale. Kwa sababu hiyo, mapumziko mafupi katikati ya zamu, maji safi shambani na vyumba vya kulala visivyo na kelele ni masuala ya afya sawasawa na vidonge, nayo yanastahili kuzungumzwa katika vyama vya wafanyakazi na katika mikutano ya wakulima viwandani.

6.0 Dawa na utulivu vikiandamana

Swali lililobaki ni ipi kati ya njia hizi mbili iliyo bora. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001 na Kenneth Holroyd na wenzake huko Ohio, Marekani, ulilijibu. Watu wazima 203 wenye maumivu ya mkazo yaliyokomaa waligawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa dawa ya kinga ya jamii ya amitriptilini, la pili likafundishwa kupunguza mfadhaiko, la tatu likapata vyote viwili, na la nne likapewa kidonge kisicho na dawa ndani yake.

Waliopata nafuu ya angalau nusu ya maumivu walikuwa asilimia 38 katika kundi la dawa, asilimia 35 katika kundi la mafunzo, na asilimia 29 katika kundi la kidonge kitupu. Katika kundi lililopata vyote viwili walikuwa asilimia 64. Dawa ilileta nafuu mapema. Mafunzo yalichukua muda mrefu zaidi kuzaa matunda. Aidha, sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilifanyika nyumbani, mgonjwa akionana na mshauri mara chache tu. Hili lina maana kubwa kwa Kericho na Bomet, ambako mtu hawezi kuacha majani yakikomaa ili ahudhurie kliniki kila wiki.

7.0 Mazungumzo chumbani mwa daktari

Hayo yote hayawezekani ikiwa mgonjwa atasema "kichwa kinaniuma" na mhudumu akaandika "parasetamoli". Mazungumzo yafuatayo yamebuniwa kwa ajili ya mafunzo.

Daktari: Karibu, mama. Unasumbuliwa na nini?
Mgonjwa: Kichwa, daktari. Kinapasuka.
Daktari: Pole sana, mama. Kilianza ghafla au polepole?
Mgonjwa: Polepole. Ni tangu mwezi wa nne. Huja jioni nikitoka kuchuna.
Daktari: Nionyeshe kwa mkono kinapokuuma.
Mgonjwa: Kuanzia hapa shingoni, kinazunguka hadi kwenye paji. Ni kama nimefungwa leso ikakazwa.
Daktari: Unatapika? Mwanga unakuudhi?
Mgonjwa: La. Napika, natembea, lakini sina raha.
Daktari: Umemeza dawa gani?
Mgonjwa: Za dukani. Mbili asubuhi, mbili jioni.
Daktari: Siku ngapi kwa wiki, mama?
Mgonjwa: Kila siku. Nikiziacha kinazidi.

Neno "kinapasuka" lingeweza kupotosha. Kwa tabibu, kichwa kinachopasuka ghafla ni dalili ya damu kuvuja ubongoni. Lakini katika Dholuo, maumivu ya kichwa kwa jumla huitwa wich bar, na bar ni kupasuka. Mjaluo anayesema Kiswahili huenda anatafsiri tu neno lake la kila siku. Swali la "ghafla au polepole" ndilo linalotenganisha maana hizo mbili. Ishara ya mkono na tashbihi ya leso zinaonyesha maumivu ya mkazo. Jibu la mwisho, "nikiziacha kinazidi", linafichua ugonjwa wa pili uliojengwa juu ya wa kwanza. Lisingepatikana kama daktari angeishia kuuliza "dawa gani" asiulize "siku ngapi".

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi vya kazi hii. Kichwa hubana, hukaza, hupwita, hugonga, huwanga, huchoma. Kinachohitajika ni kuvitumia kwa kuvitofautisha. Mgonjwa anaweza kusaidiwa na daftari la maumivu: kila siku aandike kama kichwa kiliuma, saa ngapi, kwa namna gani, alikula na kulala vipi, na alimeza nini. Baada ya wiki nne, daftari hilo humweleza daktari mambo ambayo kumbukumbu haiwezi kuyashika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maumivu ya kichwa ni kundi la maradhi yenye asili mbalimbali, kwamba dawa ina manufaa ikitumiwa kwa kipimo na kwa siku chache, na kwamba mafunzo ya kutuliza mwili huongeza nguvu za dawa. Yameonyesha pia kwamba yote huanza kwa maneno. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 43 kimempa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya. Vifungu hivi viwili hukutana katika chumba cha daktari.

Hapa pana kazi kwa wanafunzi wa Kiswahili. Maelezo ya dawa kwa lugha sanifu inayoeleweka, maswali ya kliniki yaliyopangwa vyema, na orodha ya vitenzi vya maumivu vilinganishwavyo na vile vya Kipsigis, Dholuo na Ekegusii, ni mambo yanayoweza kutafitiwa na kuandikwa na vyama vya Kiswahili vyuoni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini wapo wasioficha maradhi yao kwa kutaka. Wamekosa tu neno la kuyatolea nje, au wamekosa wa kuwauliza ni siku ngapi.